Barua za Mheshimiwa na Kona ya Cicily

Pale Nkubu, barabara ya Embu inapoinama kidogo, kuna benchi moja, jiko moja na Cicily. Jumatatu mpima ardhi alipiga kigingi chekundu nyuma ya kibanda chake cha kahawa, akaondoka bila neno. Leo Jumamosi gazeti limechapisha barua ambazo Mheshimiwa wetu amekuwa akiandikiana na Mzee Ishmael, tajiri wa ngano kule Timau. Anayetusomea sisi wa benchi ni Spika, ambaye hajawahi kuchaguliwa popote.

— “Ndugu yangu, mama amepona? Yule fahali uliyenipa anakula kama kamati. Kura za Ruiri ziko sawa. Sasa nipatie ile kona yako ya Nkubu.” Mzee naye anajibu: “Kona ni yako. Mama amepona.”

— Ufisadi huo, akasema Kamusi, mwalimu mstaafu.

— Ufisadi wapi, mwalimu? akasema Spika. Hawa ni gichiaro! Koo zao zilikula kiapo. Gichiaro akikuomba kitu, unatoa. Ukikataa, laana.

— Kona ataifanyia nini?

— Benki.

— Benki kitu gani! Hapa ni stesheni. Reli inakuja.

— Reli itapandaje huu mlima?

— Mlima utasogezwa. Ishmael ana matrekta.

Cicily akachochea makaa.

— Na mimi nitasogezwa wapi?

— Tulia, mama Mukami, akasema Spika. Tunakuandikia malalamiko.

— Tangu Jumanne, akasema Kamusi. Tumebakisha kichwa cha barua tu. Lakini mnajua ni kwa nini Mheshimiwa hakuja mwenyewe Jumatatu? Ukoo wa Cicily pia ni gichiaro na ukoo wake. Aliogopa kukutana naye uso kwa uso.

— Wacha!

— Kabisa. Ndiyo maana hata kwenye mikutano huvaa miwani nyeusi. Asimwone.

Mwishoni mwa benchi alikuwa Njuki, fundi viatu aliyehamia juzi kutoka Embu. Akaweka kikombe chini.

— Samahani wazee. Huyu mama ameshaenda kumwomba?

Spika akakunja gazeti. Kamusi akakitazama kigingi. Mimi nikaangalia kahawa yangu.

Cicily akamwaga iliyobaki juu ya makaa.

— Kahawa imekwisha. Mheshimiwa huwa nyumbani Jumamosi?

— Huwa, akasema Spika, polepole.

Akavua aproni, akang'oa kigingi, akakifunga kwenye leso na kuvuka barabara.