Wapungaji wa Duka la Vitambaa

Kwenye treni nilikaa nyuma ya mama muuza vitambaa na kijana mwenye fulana ya kampuni inayofunga skrini za madukani, zile unazoziendesha kwa kupunga mkono. Sikutega sikio, masikio yangu hujitega yenyewe.

“Duka lenu limetia fora, mama! Skrini tuliyoivumbua imehesabu wapungaji mpaka bosi wenu kaagiza nyingine.”

Mama akacheka kwa pua. “Wapungaji gani, mwanangu? Mteja wa kitambaa anataka kukishika, si kukipungia kama anaaga meli. Anayepunga ni mimi! Bosi kanisimamisha pale niwaonyeshe wateja, kutwa napunga mpaka bega linaniuma. Sasa anasema skrini inavuta watu, wauzaji tupunguzwe, na anaanza na mimi.”

Kijana akakohoa. Mimi nikasogea mbele, utamu usinipite.

“Basi kesho njoo umwambie bosi kwamba skrini yenu imehesabu mkono wa mtu mmoja.”

“Mama, mimi fundi tu.”

“Fundi tu! Si sasa hivi ulikuwa mvumbuzi?”

Treni ikasimama, kijana akainuka haraka.

“Ndiyo kituo chako hiki?” mama akamuuliza.

“Hapana,” akasema, akashuka.