Bi. Miao Cuizhen na Pakanga la Machipukizi

Ndugu waombolezaji, majirani wa Shuimo, mimi ni Miao Dequan, mdogo wake marehemu, na nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha yake, na najua mnanong'ona kwa nini tunazika leo, tarehe 24 Machi 2024, ilhali mpiga ramli alitaka tarehe 4 Aprili, na ninyi kila mmoja ana kikapu miguuni kama anakwenda gulioni, basi tulieni, jibu linakuja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1956 hapahapa Shuimo, mkoa wa Anhui, mtoto wa kwanza kati ya watatu, akasoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia 1963 hadi 1968, akatoka kwenda kulima mashamba ya pamoja, na tarehe 6 Oktoba 1978 akaolewa na shemeji yangu Fang Maolin, huyu mnayemwona ameshika jogoo wa kuongoza roho, wakajaaliwa watoto wawili, Suyun aliyezaliwa 1980 na Boning aliyezaliwa 1985.

Mwaka 1991 alianza kufuga kuku wa mayai, na jamani, alivyowapenda! Aliwajazia mahindi hadi wakanenepa kama matajiri, kumbe anawaua, maana joto la Juni 1993 lilipoingia wakaanza kudondoka wakiwa wanataga, vishungi vimepauka, na daktari wa mifugo Hu Jinsong alipompasua mmoja akamwonyesha ini la manjano, lenye mafuta, laini la kumong'onyoka, damu imevilia pembeni. "Bibi, umewalisha kwa huruma mpaka ini limeshindwa," akamwambia, "punguza mahindi, ongeza majani mabichi."

Dada alisikia neno majani tu. Alikumbuka jinsi mama mkwe wake alivyopona macho ya manjano ya ugonjwa wa ini kwa kunywa pakanga, na kwa kuwa ilikuwa juma la sikukuu ya mwezi wa tano wa kalenda ya kale, ambao huangukia Juni, tunapotundika mafungu ya pakanga milangoni kufukuza maradhi, akapita nyumba kwa nyumba akiyatungua, akachemsha sufuria nzima, akawanywesha kuku. Shemeji akamcheka, "We mama Suyun, kuku wanywe chai, na mimi je?" Naye akamjibu, "Wewe taga kwanza, chai utapata." Ila vifo havikukoma, na shemeji akaapa kwamba ikifika mwaka mpya anawapeleka waliobaki wote machinjoni, na dada yangu alilia, nilimwona kwa macho yangu.

Kosa lilikuwa letu sote hapa, kwa sababu lile la mlangoni ni pakanga kubwa, na lile la ini ni jingine, dogo, tena huchumwa likiwa chipukizi lenye manyoya meupe, kama wazee walivyotukumbusha baadaye, mwezi wa tatu ni dawa, wa tano ni kuni, na sisi tulikuwa tunawapikia kuku kuni! Akapunguza mahindi, akambembeleza mumewe hadi majira ya machipuko ya 1994, akachuma machipukizi kando ya mto, akayaanika kivulini, akayasaga na kuyachanganya na chakula pamoja na bizari ya manjano kidogo, na lo, vishungi vikawa vyekundu, mayai yakarudi! Daktari Hu alikuja akacheka, akasema hawezi kuapa kama ni jani au ni mahindi yaliyopungua, dada akamwambia, "Daktari, kuku hawajaomba cheti." Tangu hapo kijiji kizima kinachuma pamoja naye, na mashamba mengi ya kuku ya hapa yanategemea mavuno ya siku hizi chache.

Alianza kuugua moyo Novemba 2023, akalazwa hospitali ya wilaya, na mwezi huu akaomba arudishwe nyumbani, na siku ya mwisho, tarehe 21 Machi, mpiga ramli akiwa sebuleni anahesabu siku njema ya mazishi, dada akamwita mumewe, akamwambia, "Baba Suyun, huyo akisema Aprili mkatae, mwili wangu ukilazwa hapa hadi Aprili watu watakaa matangani na jani litakomaa, na kuku wa wenzetu watakufa kwa ajili yangu, mimi sitaki." Shemeji, ambaye hata kuhamisha kitanda humuuliza mpiga ramli, alitoka akampa ada yake ya chai na sigara, akamwambia, "Mwalimu, samahani, mke wangu kashachagua." Dada akasikia, akacheka kidogo, akafariki saa kumi jioni. Nyie, nilijivunia shemeji yangu kuliko siku zote!

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, Daktari Hu aliyekuja kwa mkongojo, majirani mliopika tangu alfajiri, na wafugaji wenzake.

Sasa mawingu ya mvua yanajikusanya kule milimani, na karamu ya msiba inaweza kungoja hadi jioni, kwa hiyo tukishamfukia, mtu asione haya, chukueni vikapu mshuke mtoni moja kwa moja, shemeji atatangulia, ameniambia mwenyewe. Lala kwa utulivu, dada yangu, sisi tunakwenda kuchuma.