Waziri Chini ya Maji

Kwenye treni ya jioni, mbele yangu walikaa mpigapicha wa gazeti na dada mmoja anayepiga picha za kutundikwa kwenye maonyesho. Walitoka kwenye uzinduzi wa daraja, ambako waziri alikata utepe, akarudi nyuma apigwe picha, akatumbukia mtoni. Alitolewa mzima, kalowa chapachapa. Mtu wa gazeti hakupata hata picha moja, kwani wakati huo alikuwa ameinama akibadilisha betri.

“Dada yangu, niokoe. Mhariri ameniachia ukurasa wa kwanza wote. Nikifika mikono mitupu, kesho napiga picha za vitambulisho.”

Dada akampa kamera. Jamaa akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. “Mheshimiwa yuko wapi?”

“Chini ya hivyo viduara vya maji. Nilitaka kuonyesha ukimya.”

“Ukimya gani? Alikuwa anamwita mama yake!”

Nikachungulia. Maji yalikuwa mazuri, siwezi kusema uongo, lakini waziri hata wa dawa hakuwepo.

“Angalau ungenasa kiatu, jamani!”

“Kiatu kilikuwepo, kaka. Nikasogea kidogo, maana kilikuwa kinanivurugia.”

Jamaa akafumba macho kama mtu anayechomwa sindano. Treni ilipoanza kupunguza mwendo akapiga simu. “Mhariri, shikamoo. Picha ninayo, na waziri yumo. Ila nikuulize, gazeti letu lina wasomaji wavumilivu?”

Dada akamvuta shati. “Mwambie asithubutu kuikata pembeni.”

Milango ikafunguka, wakashuka wakigombania kamera.