Chupa Arobaini za Miche

"Umemwita Clemens wa nini? Aje atutoe shambani?"

"Baba ndiye aliyeniagiza niandike barua, kaka."

"Na wewe ukaandika."

Nyamazeni, wanangu. Festo, kaa. Priska, niinulie mto. Mnagombania urithi ambao una mwenyewe, basi nisikilizeni ningali na pumzi.

Taasisi ile ya viazi ya chuo kikuu, mnayoiona leo na vioo vyake, ilianza mwaka themanini na saba ndani ya ghala la mahindi la misheni, kwa chupa za jemu tulizoomba kwa masista na sufuria moja ya kuzichemshia. Clemens, fundi wetu wa maabara, alikuwa akikata kichipukizi cha kiazi, kidogo kama punje ya ulezi, anakilaza ndani ya chupa, kinaota mche usio na ugonjwa. Mimi nilikuwa mfagizi, lakini nikitembea Njombe mjini nilijiona daktari wa viazi.

Jumamosi moja nikakuta vifuniko vimebana na mvuke unatiririka ndani kama jasho. Nikasema, maskini, viumbe hivi vinakosa hewa. Nikafungua chupa zote arobaini, nikaziombea, nikazifunga jioni. Jumatano zilikuwa zimeota ukungu mweupe kama sufu ya kondoo. Profesa aliyetuongoza akasema Clemens hakunawa mikono, akamfukuza. Nami, msemaji wa kila msiba, siku hiyo nikawa bubu.

Clemens akarudi kwao Mawengi. Miaka ya ruksa na soko huria ikakolea, serikali ikapunguza mafungu ya fedha, wasomi wakatawanyika, nikabaki mimi na ufunguo. Nikawa napeleka mbegu hadi Mlangali kwa lori la Awadhi, mfanyabiashara wa Makambako, ili taasisi isife, na waliporudi wakanishukuru kwa ekari mbili nyuma ya ghala. Cheka tu, Festo. Hata marehemu mama yenu Eufrasia alicheka nilipomwambia kisa cha chupa, kisha akanihamishia jikoni kulala wiki nzima.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Ekari moja, ile yenye chemchemi, mpeni Clemens. Iliyobaki gawaneni, wala msigombane mbele yake. Akinitukana, mpeni kiti amalizie akiwa amekaa. Mungu awape mikono ya kupanda na... na midomo ya kukiri mapema kuliko mimi. Sauti inanikimbia. Priska... nani yuko hapo? Mfungulie.

"Kamwene, Romanus. Nimesikia yote nikiwa hapa mlangoni, na nilijua tangu Jumatano ile: kila mfuniko ulikuwa na alama ya kidole chako chenye udongo. Ila hiyo ekari nitaichukua."