Mlio Ambao Fundi Gervas Alimtengenezea Mkewe

Baba Paroko, ndugu, majirani na mafundi wa Mtoni, Tumsifu Yesu Kristo. Familia imeniomba nisome, nami nitasoma yaliyotokea, hata yale ambayo wengine mngependa yarukwe.

Marehemu Gervas Mnali alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Nyangao, mkoani Lindi, akasoma shule ya msingi hapo hapo tangu 1969 hadi 1975, hakuendelea, na wala hakusingizia ada, alikiri mwenyewe kwamba darasa lilimchosha. Mwaka 1982 akaja Dar es Salaam, akabeba mizigo kwenye yadi za makontena Kurasini, akajifunza kuchomelea kwa kuwatazama mafundi wa malori, na mwaka 1990 akafungua gereji yake ya ekzosi, mabomba ya moshi ya magari, hapa Mtoni, uani kwake.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na Yuliana, wakajaliwa watoto wawili, mimi Edgar na Noela. Hatutasema alikuwa malaika, alikuwa mkali, mbishi, na Baba Paroko anajua ni misa ngapi zimekatishwa na mlio wa pikapu yake.

Lakini mlio ule ulikuwa na sababu. Mwaka 2016 presha ya macho ilimpofusha Mama Yuliana, na mumewe, badala ya kulia, alikata sailensa ya pikapu, akatoa bomba jembamba akaweka nene, akaunda boksi la bati lenye matundu, kisha akamkalisha mkewe kwenye kigoda asikilize. Mama akasema, “Inakohoa, baba Edgar,” au, “Hiyo ya bodaboda, toa,” naye akakata tena, akachomelea tena, mpaka siku Mama aliposema, “Hapo. Huyo ndiye wewe.”

Tangu hapo, kila jioni pikapu ilipokata kona ya msikitini, Mama alibandika maji ya ugali, na yalipochemka mume alikuwa anavua viatu mlangoni. Vijana wa Msasani walikuja kuununua mlio ule kwa magari yao, akawafukuza, “Huyo ni mimi, nitajiuzaje?”

Januari mwaka huu, 2025, figo zilimlaza, na kabla ya kwenda hospitali alilifungua bomba kwa mikono yake, akalitundika ukutani, akasema asije mtu akaiwasha pikapu, mkewe akabandika maji bure.

Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi. Jioni ile, watu wakiwa wameshajaa uani, mlio ukasikika konani, ukashuka mtaa mzima, ukanyamaza getini. Jirani yetu Jamali, kwa mazoea, akaenda kufungua geti, hapakuwa na kitu. Jikoni Mama alikuwa ameshabandika maji.

Wasomi wa familia tulisema ni gari lingine. Siku ya Jumanne jioni Noela, ambaye ana digrii na haamini mambo haya, alisimama kando ya pikapu, ambayo iko juu ya mawe, haina betri, haina matairi, na mlio ukaja vilevile, tena uleule, ukanyamaza getini. Noela akanyoosha mkono akaligusa bomba pale ukutani. Lilikuwa la moto. Kidole mnachokiona kimefungwa bandeji ni hicho.

Lililotutisha zaidi ni Mama. Alikataa kukaa kwenye mkeka wa msiba, akakataa hata kuja makaburini, akisema hawezi kumlilia mtu aliye getini, na sisi tukaona kwamba tutamzika Baba huku Mama akibaki jikoni akimpikia siku zote za maisha yake.

Jana jioni mlio ulipokuja, Noela alilitoa bomba ukutani akiwa ameshika tambara, akampelekea Mama jikoni. Mama akalipapasa, halikumchoma, akalipapasa mpaka likapoa mikononi mwake. Kisha akaepua sufuria, akasema, “Haya, nendeni naye, na hili aondoke nalo.”

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake waliochimba kaburi, na Jamali, aliyefungua geti jioni zote tatu ijapokuwa alijua hataona mtu.

Baba, bomba liko pembeni yako humo jenezani, limefungwa kanga ya Mama. Leo jioni hapabandikwi maji, na Mama, ambaye amekaa hapa mbele, ametutuma tukwambie watu wakisikia: umeshafika. Zima gari, baba Edgar.

Pumzika kwa amani.