Panda-Shuka na Kufuli Alilolikata

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi wa lifti. Alifariki Jumanne asubuhi, kitandani kwake, akiwa na miaka sitini na mitatu. Wengi wenu mnamjua kwa sauti, maana kwa miaka tisa alikuja studio hii kutusimulia ngano. Kazini walimwita Panda-Shuka. Hata mkewe alimwita hivyo, akiwa amekasirika.

Kabla sijaendelea, kuna jambo lazima mlijue. Kaka mkubwa wa marehemu alinipigia simu leo mchana. Alisema: "Binti, taja wale watu saba aliowaokoa. La kufuli liache. Ndugu yangu hajazikwa, wewe unataka kumvua nguo?" Nilimjibu kwa adabu kwamba nimemsikia. Sikumwambia kwamba nimekubali. Kipindi hiki kinakwenda hewani moja kwa moja, na najua yuko hapo anasikiliza.

Basi tuanze na wale saba. Panda-Shuka alikuwa na miaka ishirini na saba, mwembamba kama waya. Lifti ya jengo moja la ghorofa tisa ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Moshi ulikuwa unashuka kutoka chumba cha mashine. Yeye akateremka kwa ngazi ya ukutani, akafungua mlango wa juu ya lifti, akawatoa mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa bwana mmoja mnene, akauliza, "Kijana, utaniweza?" Akajibiwa, "Mzee, wewe vuta tumbo ndani, mengine niachie." Watu saba, wote wazima. Picha yake ikatundikwa ofisini. Miaka ikaenda, akapanda vyeo hadi fundi mkuu, akapewa koti jeupe.

Mkewe aliniambia jana, tukiwa tumekaa jikoni kwake: "Siku alipovaa lile koti ndipo masikio yalipoziba. Ukimwambia shati limechanika, anakuuliza wewe umewahi kumwokoa nani."

Sasa nisikilizeni vizuri. Mafundi wa lifti wana sheria moja kubwa. Fundi akiingia kwenye shimo la lifti, kwanza anazima umeme, kisha anaifunga swichi kuu kwa kufuli lake mwenyewe. Kufuli limeandikwa jina lake. Ufunguo anao mfukoni. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kulifungua, awe mkurugenzi, awe nani. Kufuli likiwepo, mtu yumo. Narudia: kufuli likiwepo, mtu yumo. Sheria hiyo ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa chumba cha mashine. Aliyeiandika ni Panda-Shuka mwenyewe.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Ilikuwa saa nne asubuhi, kwenye jengo la ofisi. Mkurugenzi alikuwa chini na wageni wake, wanasubiri lifti, wanatazama saa. Panda-Shuka akapanda chumba cha mashine, akaona swichi imefungwa. Kufuli lilikuwa na jina la Kimya.

Kimya alikuwa fundi kijana, tena mzuri, ila wiki iliyotangulia alisahau kufuli lake akaenda kula. Panda-Shuka akakumbuka hilo. Hakuita. Hakuchungulia shimoni. Alichukua mkasi wa kukatia vyuma, akalikata kufuli, akawasha umeme.

Kimya alikuwa amesimama juu ya lifti, kati ya ghorofa ya tano na ya sita, anapaka grisi. Lifti ikashuka. Kimya hakufa. Mkono wake wa kulia ulikatwa siku ileile, juu ya kiwiko.

Wasikilizaji wapendwa, sasa tuko hospitali, mchana. Panda-Shuka ameketi kwenye benchi la korido. Mfukoni ana vitu viwili. Kimoja ni kufuli lililokatwa. Cha pili ni fomu ya ajali, na kwenye mstari wa "sababu" ameshaandika kwa mkono wake: Fundi hakufunga swichi. Hakuna aliyemwona akikata. Akiipeleka fomu ile, Kimya anapoteza mkono na kazi, na lawama inakuwa yake.

Kwenye benchi hilohilo kuna mama mmoja na mtoto wa kike wa miaka mitano. Mama huyo ni mama yake Kimya. Mtoto ni binti wa Kimya. Mtoto analia, bibi anamtuliza kwa hadithi. Bibi hamjui huyu mwanaume wa koti jeupe. Panda-Shuka aliisimulia hadithi hiyo hapa studio mara nyingi.

Bibi anasema: palikuwa na mtu aliyeua zimwi ujanani. Wakampa mke, wakampa kiti. Akakikalia miaka ishirini. Kisha mbuzi wa watu wakaanza kupotea. Akachukua mkuki wake, akafuata nyayo. Nyayo kubwa. Zikaingia msituni, zikavuka mto, zikazunguka, zikarudi kijijini. Zikaishia mlangoni kwake. Akavua kiatu, akaweka mguu kwenye unyayo. Ukaenea.

"Bibi, kumbe zimwi ni yeye?"

"Ni yeye, mjukuu wangu."

"Akajichoma mkuki?"

"Ajichome ili iweje? Mbuzi waliobaki angewachunga nani?"

"Sasa akafanyaje?"

"Akaenda mbele za watu, akainua mguu, akasema: pimeni."

"Wakampiga?"

"Kwanza walimcheka. Na kile kicheko, mama, kilimuuma kuliko fimbo."

Panda-Shuka alisimama. Akaichana ile fomu. Jumatatu iliyofuata asubuhi, mbele ya mafundi ishirini na wawili na meneja, aliliweka kufuli mezani. Akasema, "Lilikuwepo. Nililikata mimi." Kuna mtu nyuma alicheka, kwa woga tu. Akavuliwa ukuu. Picha ikashushwa. Kwa miaka iliyobaki alipokea amri kutoka kwa mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika bisibisi.

Msidhani Kimya alimkumbatia. Kimya aliniambia leo: "Alipokuja wodini nilimwambia, toka. Miaka mitatu nilimwambia, toka. Mwaka wa nne nikachoka." Baadaye walifundisha vijana pamoja darasa moja. "Kila asubuhi ananiuliza, mkono haujambo? Namwambia, haupo. Anasema, ndiyo maana nauliza."

Niliwahi kumuuliza kwa nini anapenda ngano. Alisema: zile tunazowapa watoto, kijana anaondoka nyumbani, anaua zimwi, anapewa mke na kiti, imekwisha. Lakini zipo nyingine, chache, zinazoanza mtu akiwa tayari yuko kwenye kiti, mvi zimeingia. Huyo hapewi kitu. Ananyang'anywa. Mkuki, kiti, sifa. Asiponyang'anywa, hakui.

Nikamtania, "Kwa hiyo mwanaume anakua mara mbili?"

"Mara ya kwanza anakua kwenda juu, ya pili kwenda chini. Mimi ni fundi wa lifti, binti, usinibishie."

Taa ya simu ya studio inawaka tangu nilipotaja mkasi. Naiona. Naendelea.

Kwa mjane wake, kwa watoto wake, kwa Kimya na mama yake, pokeeni pole zetu. Na wewe, kaka mkubwa wa marehemu, pole ya dhati. Umempoteza mdogo wako, na maumivu yako siyachezei.

Kwa ninyi wengine, hasa akina baba mliovuka arobaini: kipindi kikiisha, muulize mtu wa nyumbani kwako ni neno gani anaogopa kukuambia. Kisha usijitetee. Kaa kimya umsikilize.

Fundi mitambo wetu ameinua karatasi nyuma ya kioo. Imeandikwa kwamba kaka yuko kwenye simu, na anataka niombe radhi hewani, sasa hivi, kwa kumvunjia marehemu heshima.

Mzee wangu, nakuheshimu. Watu saba wangeweza kuokolewa na kijana yeyote mwenye mwili mwepesi na roho ngumu. Ile Jumatatu ilitaka mtu mzima, na marehemu alikuwepo. Nimeisema yote, na wakiniuliza kesho nitaisema tena.

Siombi radhi.