Historia ya Marehemu Evaristi Ndayikunda, Aliyepima Farasi Bila Kumwona

Baba Padre, viongozi wa jumuiya, wazee wa Munanila, ndugu mliotoka Kasulu na Kibondo, na ninyi nyote mliofika kumsindikiza ndugu yetu,

Naitwa Anania, mdogo wa marehemu, na tangu baba yetu afariki mimi ndiye ninayetunza vyeti, tarehe na majina ya familia hii, kwa sababu hiyo nimepewa kazi ya kusoma historia hii. Jana jioni wazee wawili walinifuata wakaniomba, kwa nia njema, niuruke mwaka 2023, wakasema msiba si baraza la kesi, lakini shemeji yangu Immakulata aliwajibu kwamba mume wake hatazikwa na jina la mwizi wakati wanaojua kusoma bado wapo, basi nitasoma miaka yote.

Marehemu Evaristi Ndayikunda alizaliwa tarehe 17 Agosti 1974 hapa hapa Munanila, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Ndayisenga na Mama Ininahazwe, ambao walivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972 wakiwa na mtoto mmoja mgongoni, mtoto ambaye hakuishi, na kwa hiyo Evaristi ndiye wa kwanza katika familia yetu kuzaliwa upande huu. Mimi nilimfuata miaka minne baadaye.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1982 na kumaliza la saba mwaka 1988, akachaguliwa kwenda sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 1992 akiwa na alama nzuri katika hesabu na Kiingereza, lakini ada ya kuendelea haikupatikana, kwa sababu mwaka huo baba alikuwa mgonjwa na shamba lilibaki kwa mama peke yake. Mwaka 1993 wote alibeba ndizi kwa baiskeli kutoka Munanila kwenda Kasulu, na wale waliobeba naye wanakumbuka kwamba hakuwa na nguvu kuliko wengine, ila alijua kupanga mzigo, na kabla ya kupanda mlima alikuwa anaangalia kwanza barabara imelowa kiasi gani ndipo aamue anabeba mikungu mingapi. Walimtania kwamba anaichumbia barabara, yeye akawa anafika na mikungu yote wakati wao wanaokota ya kwao mtaroni.

Tarehe 2 Mei 1994 aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika chama kimoja cha kununua kahawa, chama ambacho leo hakipo, na alifanya kazi hiyo miaka kumi na mitano. Mwaka 2009 aliagizwa apunguze kilo moja katika kila gunia la mkulima, akakataa, akaachishwa kazi tarehe 30 Juni bila barua. Wakulima wengi mliopo hapa mlikuwa mnasubiri zamu yake ili mpimiwe naye, na siku aliyoachishwa hakuna aliyekwenda kuuliza kwa nini, nayasema haya kwa sababu ni kweli, wala sina nia ya kumlaumu mtu siku ya leo.

Alifunga ndoa takatifu na Immakulata tarehe 24 Julai 1999, na Mungu akawajalia watoto wawili, Safina aliyezaliwa mwaka 2001, na Ndayisenga, mwenye jina la babu yake, aliyezaliwa mwaka 2005.

Baada ya kuachishwa kazi alihamia Kasulu mjini, na kuanzia mwaka 2010 alikaa stendi na mizani ndogo ya kupima watu, mtu akipanda analipa shilingi mia, na mbele ya kila mteja alikuwa anahakikisha mshale uko kwenye sifuri. Mwaka 2018 kilifunguliwa kibanda cha kubeti hatua kumi na mbili kutoka alipokaa, chenye televisheni kubwa, na siku moja ya mvua aliingia kujikinga, akakuta zinaonyeshwa mbio za farasi za ng'ambo, akaona kitu ambacho alikisimulia hadi mwisho wa maisha yake. Aliona mpanda farasi anapanda kwenye mizani akiwa amekumbatia tandiko lake, kabla ya mbio na tena baada ya mbio, na akaelezwa kwamba akirudi amepungua, ushindi wake unafutwa hata kama alifika wa kwanza. Alirudi nyumbani akamwambia mke wake kwamba duniani ipo sehemu ambapo mizani bado inaogopwa.

Kuanzia siku hiyo alijifunza. Katika mbio zile farasi bora hubebeshwa uzito mkubwa na farasi dhaifu hubebeshwa mdogo, ili wote wawe na nafasi, na kazi ya anayetabiri ni kujua nani amebebeshwa zaidi ya haki yake na nani amependelewa. Evaristi, ambaye hakuwahi kumgusa farasi, maana katika milima hii hakuna farasi, aliyaandika hayo katika madaftari matatu, uzito wa kila farasi, umri, hali ya uwanja, mbio alizokimbia na nafasi aliyoshika, na kwa kuwa majina yao ya Kizungu yalikuwa marefu, aliwapa majina ya ng'ombe kwa rangi zao kama wazee wetu walivyofanya, mweupe akamwita Gitare na mwekundu akamwita Bihogo. Vijana wa bodaboda walimcheka, wakasema Kasulu nzima haina kwato ya farasi lakini ina profesa wake.

Jumamosi ya tarehe 5 Novemba 2022 zilikimbiwa mbio kubwa za ubingwa za mwaka, farasi thelathini na wawili, na Evaristi alisema wiki nzima kwamba Gitare atashinda, kwa sababu amepewa uzito mdogo kuliko anaostahili. Waliomsikiliza walikuwa kumi na tisa, odi ilikuwa kumi na nne, yaani kila shilingi ingerudi kumi na nne, na Gitare alishinda. Mwanahawa, anayeuza dagaa pale stendi, alisomesha mtoto kwa fedha ile na amekubali niseme hivyo, wengine walinunua bati, mmoja akanunua pikipiki. Evaristi mwenyewe hakuweka hata shilingi, si siku hiyo wala siku nyingine yoyote, kwa sababu alisema mwenye mizani hanunui mzigo anaoupima. Wakati huo mlimwita mwenzetu, mkamwita Muha halisi, mwenyeji wa hapa, na pombe ya ndizi ililetwa mlangoni kwake mpaka Immakulata akakosa madebe ya kuitilia.

Mwaka uliofuata mbio zile ziliangukia Jumamosi ya tarehe 4 Novemba 2023. Kwa mwezi mzima Evaristi alisema ni zamu ya Bihogo, ambaye alikuwa amebebeshwa uzito mkubwa kuliko wote, lakini ni farasi mwenye uwezo wa kuubeba, na kila aliposema aliongeza neno moja, kwamba ni iwapo uwanja utakuwa mkavu. Neno hilo watu wengi hawakulibeba. Tarehe 1 Novemba alikwenda Kibondo, kwa kuwa Athuman, mfanyabiashara wa maharage, alimwita kumpimia mzigo ghalani, na Jumamosi ilimkuta huko. Watu waliweka dau kubwa kuliko mwaka uliotangulia, wapo walioweka mbegu na wapo walioweka ada, zaidi ya watu mia na arobaini. Saa kumi na mbili jioni mbio zilikimbiwa kwenye uwanja uliojaa tope, Bihogo akachoka kabla ya robo ya mwisho, akawa wa ishirini na moja, na aliyeshinda alikuwa farasi jike mweusi mwenye uzito mdogo ambaye hapa hakuna aliyemtaja.

Yaliyofuata mnayajua, nami nayataja kwa sababu ni sehemu ya maisha yake. Mlisema amenunuliwa na wenye kibanda, mkauliza kama si mwizi kwa nini alikimbilia Kibondo wiki ile ile, na aliporudi Jumatatu alikuta mizani yake imevunjwa na kutupwa kwenye mtaro wa stendi. Aliyekuwa Muha halisi akawa Mrundi, akaambiwa arudi kwao, yeye aliyezaliwa hatua mia mbili kutoka hapa tuliposimama. Unga wa muhogo wa Immakulata haukununuliwa tena sokoni, na kanisani benchi lao lilibaki lao peke yao. Hata salamu ilikatwa, mtu aliyekuwa anamwambia "mwidiwe" kutoka ng'ambo ya barabara akawa anaangalia pembeni. Alipotakiwa na wazee ajitetee, alijibu kwamba gunia likipungua anayeulizwa ni karani wa mizani, haulizwi mchukuzi.

Mwezi wa Februari 2024 alihamia Kibondo, akafanya kazi kwa Athuman mpaka nguvu zilipomwishia. Tarehe 11 Januari 2025 alianza kuvimba miguu, akapimwa, ikaonekana figo zimeshindwa kazi, akalazwa Kibondo siku kumi na nane, kisha akaletwa hospitali ya Kasulu mara tatu. Kila asubuhi alipimwa uzito, na manesi wanasimulia kwamba hata alipokuwa hawezi kusimama bila kushikwa, aliomba kwanza aone mshale uko kwenye sifuri. Katika siku zote alizolazwa Kasulu, mjini kwake, waliokuja kumwona nje ya familia walikuwa wanne. Alifariki Jumatano ya tarehe 14 Mei 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini, miezi minane na siku ishirini na saba.

Hapa ndipo historia niliyokuwa nimeiandika ilipoishia. Juzi Alhamisi nilimwomba shemeji madaftari yake ili nihakiki tarehe, na katika daftari la tatu nimekuta maneno ambayo nayasoma kama yalivyo. "Jumamosi 4/11/2023. Nimeona picha kwenye simu ya Athuman, mvua imenyesha usiku kucha, uwanja umelowa. Bihogo asichezwe, uzito utamlemea. Achezwe jike mweusi au watu wasicheze kabisa. Simu yangu haina chaji. Saa 8:10 mchana nimemtumia Anania ujumbe kwa simu ya Athuman, awaambie watu stendi. Saa 8:14 amejibu, Sawa kaka."

Anania huyo ni mimi. Namba yangu ndiyo pekee aliyoijua kwa kichwa, na duka langu la vocha lilikuwa pale pale stendi, kati yake na kibanda. Ujumbe niliupata, nikausoma mara mbili, na kulikuwa na saa nne karibu kamili za kuwaambia watu. Sikuwaambia. Kabla ya duka nilifanya biashara ya maharage tangu ujana, najua kwamba wote wakijua, bei inaanguka, nikafikiri odi nayo iko hivyo, kwamba nikisema stendi nzima itamkimbilia jike mweusi na mimi nitabaki na kidogo. Baadaye kijana wa kibanda alinieleza kwamba haiko hivyo hata kidogo, odi ya mbio zile inapangwa ng'ambo, na Kasulu yote ingecheza farasi mmoja isingeshuka. Kwa hiyo nilinyamaza bure. Nilikwenda kibanda cha pili, cha njia ya sokoni, nikaweka shilingi elfu hamsini kwa odi kumi na sita. Jokofu mnaloliona dukani kwangu nililinunua kwa fedha hiyo, na soda mlizokunywa jana usiku katika msiba huu zilipozwa humo.

Aliporudi kutoka Kibondo aliniuliza mara moja tu kama ujumbe ulifika, nikamwambia mtandao ulikuwa mbaya. Nilikuwa nimesahau kwamba nilijibu, na hakunikumbusha. Chini ya maneno niliyosoma kuna mstari mmoja mwingine, wa tarehe 6 Novemba, nao unasema, "Anania anasema haukufika. Nimeandika kama alivyosema." Baada ya hapo kurasa ni nyeupe, hakuandika farasi tena. Miezi kumi na minane mlimwita mwizi, na miezi hiyo yote nilikuwa nasikia nikiwa nyuma ya kaunta, nikiwapa chenji.

Shemeji yangu nilimsomea ukurasa huo jana asubuhi kabla ya kuusoma kwenu. Aliendelea kuchambua maharage ya msiba, kisha akaniambia niusome kwa sauti ya kufika nyuma. Naomba wa nyuma waseme kama hawakusikia, nitarudia.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na manesi wa Kibondo na Kasulu waliomhudumia bila kumuuliza anatoka wapi. Namshukuru Athuman, aliyempa kazi wakati hapakuwa na mwingine, na aliyelipia gari lililomleta hapa. Nawashukuru majirani wanne waliokwenda hospitali, ambao ni Mwanahawa, Saady, Kudra na katekista wetu, na Mwanahawa alikuwa amepoteza zaidi ya wengi wenu. Nawashukuru pia ninyi wengine mliokuja leo, ingawa mmechelewa, nami nimechelewa kuliko ninyi. Ni desturi kutangaza kwamba anayemdai marehemu aonane na familia, basi natangaza kwamba Evaristi hadaiwi, na kila aliyemwita mwizi alichukue jina hilo kutoka kwake kabla kaburi halijafukiwa, mwenye nalo amesimama mbele yenu na duka lake mnalijua.

Kaka Evaristi, ujumbe wako wa saa nane na dakika kumi nimeufikisha. Pumzika kwa amani.